Kazi ya kwanza ya IT hapa Arusha inapatikana wapi

Hotuba kwa wahitimu wa kozi za TEHAMA, Arusha. Tumeiweka nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani tumeiacha.

Wazazi na walimu mliotusindikiza, shikamooni. Wahitimu, hamjambo? Wengine mmetoka Moshi na haisi za alfajiri, wengine mmekuja kutoka Karatu, kwa hiyo salamu ziwe fupi tuingie kwenye mambo.

Nina swali. Ni wangapi humu ndani, mwezi huu tu, mmefungua tovuti ya ajira, mkatafuta neno IT, mkakutana na tangazo linalotaka uzoefu wa miaka 3? Nyoosheni mikono. Karibu ukumbi mzima. Wangapi mliomba hivyo hivyo? Bado ni wengi. Wangapi mlijibiwa? Naona mkono mmoja, na mwenyewe anacheka, kwa hiyo jibu tunalijua.

Soko ni gumu, na ugumu wake una sababu. Chuo cha Ufundi Arusha kinatoa wahitimu, Chuo cha Uhasibu kinatoa wahitimu, Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, na vyuo vidogo mtaani sijavitaja. Wakati huo huo, ofisi zenye idara ya IT ya watu watano au sita hapa mjini unaweza kuzihesabu: Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika, TANAPA, kituo cha mikutano cha AICC, hospitali kubwa na taasisi chache. Benki je? Wataalamu wa mifumo wa benki nyingi wamekaa makao makuu Dar es Salaam. Tawi la hapa likikwama, meneja anapiga simu Dar. Kwa hiyo ukiangalia milango yenye kibao cha IT peke yake, mko mamia mlango mmoja.

Lakini tembea kutoka Mnara wa Saa mpaka Kilombero uhesabu kompyuta. Hesabu mashine za EFD. Hesabu kamera za ulinzi juu ya milango, printa, na visanduku vya waifai vyenye taa zinazowaka. Nenda Njiro kwenye ofisi za utalii, nenda shule za bweni za Usa River, nenda kwenye zahanati, SACCOS na maduka ya vifaa vya ujenzi. Vyote hivyo vinakwama. Nani anavikwamua? Mara nyingi ni mtoto wa shangazi wa bosi, au fundi anayepokea simu leo na kufika kesho kutwa. Kazi ipo hapo, ila ina majina mengine: msaidizi wa ofisi, mwalimu wa kompyuta, fundi kamera, mtunza kumbukumbu, mtu wa kuweka nafasi za wageni. Mimi nasema hivi: kazi yenu ya kwanza mtaikuta mahali palipo na hitilafu, na mtaipata kwa kuonyesha kwamba hitilafu hiyo mnajua kuimaliza.

Chukua mfano wa binti aliyemaliza diploma, akaona tangazo la kampuni ya utalii: anahitajika msaidizi wa ofisi, ajue kompyuta na Kiingereza. Wenzake wanalipita, wanasema hiyo ni kazi ya sekretari. Yeye anaomba, anaitwa. Usiku wa kuamkia usaili anafungua kompyuta, anaandika amri ya kuuliza rekodi za mtandao, nslookup -type=txt, na jina la tovuti ya kampuni. Hajavunja mlango wa mtu, rekodi za DNS, yaani daftari la majina ya mtandao, ziko wazi kwa dunia nzima. Anaona hakuna rekodi ya SPF, ile inayotaja nani anaruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina la kampuni. Anarudia, safari hii anatanguliza _dmarc na nukta mbele ya jina, kutafuta rekodi ya DMARC inayosema barua isiyothibitishwa ifanyweje. Hakuna kitu.

Maana yake nini? Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua pepe. Barua isiyothibitishwa kwa SPF au DKIM, yaani saini ya kidijitali ya barua, inaweza kukataliwa, au kutupwa kwenye taka. Sasa kampuni ya utalii inaishi kwa nini kama siyo barua pepe? Mgeni yuko Ujerumani, ameuliza bei ya siku 6 za Serengeti na Ngorongoro. Amejibiwa ndani ya saa moja, jibu limelala kwenye taka, na yeye ameshamlipa mwingine. Ofisini wanalalamika kwamba biashara imekuwa ngumu.

Binti akifika kwenye usaili, analisema jambo hilo kwa sentensi tatu, bila kumwaibisha aliyetengeneza tovuti. Na ana majibu ya swali linalofuata, maana lazima litafuata: tunarekebishaje? Kwanza unaorodhesha kila mahali kampuni inapotumia kutuma barua, yaani huduma ya barua yenyewe, tovuti, na programu ya matangazo kama wanayo. Pili unaweka rekodi moja ya SPF inayotaja zote. Moja tu. Watu wengi huongeza ya pili pembeni ya ya kwanza, na zikiwa mbili ukaguzi unafeli kabisa, hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Tatu unawasha DKIM kwenye huduma ya barua. Mwisho unaweka DMARC ikiwa p=none, ili upate taarifa kwanza kabla ya kuanza kuzuia.

Je, lazima aajiriwe? Hapana, hakuna wa kuwaahidi hilo. Lakini katika waombaji wote wa nafasi ile, bosi atamkumbuka nani?

Tahadhari moja hapo, na naomba muishike. Kuangalia rekodi za wazi ni halali. Kujaribu nywila za watu, kuingia kwenye rauta yao ukiwa nje, au kupekua seva yao "ili nionyeshe uwezo" ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Hutapata kazi, utapata kesi.

Kitu kingine ambacho watu wa hapa wanakijua ila hawakitumii ni kalenda. Msimu mkubwa wa watalii ni Juni hadi Oktoba. Mwezi Agosti hakuna mwenye lodge atakayekusikiliza habari za kubadilisha mtandao. Masika, Aprili na Mei, wageni wanapungua, lodge nyingine zinafunga kwa matengenezo, na hapo ndipo kebo zinavutwa na kamera zinafungwa. Uamuzi wa nani atafanya unafanyika kabla, Februari na Machi. Barua yako iwe imeshafika mezani wakati huo. Shule nazo, mwaka wa masomo unaanza Januari, kwa hiyo maabara ya kompyuta inatengenezwa Desemba watoto wakiwa nyumbani. Serikali na halmashauri mwaka wao wa fedha unaanza 1 Julai. Ukienda kuomba kazi ya maabara Februari, mkuu wa shule atakuonea huruma tu.

Sasa tuje kwenye ujuzi wenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Wahitimu wengi wanajua kidogo kidogo mambo mengi: Java kidogo, kanzidata kidogo, mtandao kidogo, usalama wa mtandao kidogo. Mwajiri wa kazi ya kwanza hahitaji kidogo kidogo. Anahitaji mtu anayejua hitilafu kumi hivi mpaka chini kabisa. Swali la usaili linalorudi kila mahali ni hili: "Intaneti haifanyi kazi, utafanya nini?" Na jibu linalorudi kila mahali ni hili: "Nitarestati rauta." Mwenye ofisi na yeye anajua kurestati rauta! Akulipe kwa nini?

Jibu lenyewe linaanza na swali. Ni mashine moja au ofisi nzima? Kama ni moja, angalia taa ya kebo, kisha andika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya mashine. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, mashine iliomba anwani kwa DHCP, yaani huduma inayogawa anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Tatizo liko kati ya mashine na rauta, mtoa huduma wa intaneti hahusiki. Kama anwani ni sahihi, piga ping, amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu, kwenye lango, yaani rauta yenyewe. Ikijibu, piga 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje. Rauta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, tatizo liko rauta kwenda nje, na kwa Tanzania swali la kwanza hapo ni la aibu kidogo: kifurushi kimeisha? Msicheke, mafundi wamepanda bodaboda mpaka Ngaramtoni kwenda kugundua kifurushi kimeisha. Na kama 8.8.8.8 inajibu lakini tovuti kwa majina hazifunguki, hiyo ni DNS. Dakika tano, hujarestati kitu chochote, na unajua ugonjwa uko wapi.

Niwape hitilafu moja ambayo ukiimudu umeshawapita wengi. Fikiria shule ya bweni. Rauta kuu ni ya aina ya MikroTik, inagawa anwani za 192.168.88. Asubuhi moja nusu ya ofisi wana intaneti, nusu hawana. Aliyezima na kuwasha mashine anapata, mwenzake aliyefanya hivyo hivyo anakosa. Mtoa huduma amepigiwa, anasema laini nzima. Walimu wameshaanza kusema ni virusi.

Fundi kijana anakaa kwenye mashine iliyokosa, anaandika ipconfig /all. Anwani inasoma 192.168.0.105, na mstari wa seva ya DHCP unasoma 192.168.0.1. Hapo anasimama. Hakuna mtu shuleni aliyeweka mtandao wa 192.168.0. Maana yake kuna kifaa kingine kinagawa anwani, na kila mashine inayowashwa inachukua ya yule anayewahi kujibu. Anaandika arp -a, anapata namba ya MAC, yaani ile ya kiwandani ya kifaa, ya 192.168.0.1. Herufi na tarakimu sita za mwanzo zinataja kiwanda, na kiwanda kinaonyesha ni rauta ndogo za nyumbani. Swichi ya shule ni ya kawaida, haina ukurasa wa kusimamia, kwa hiyo anaacha ping -t ikikimbia kwenda 192.168.0.1 na mwenzake anachomoa kebo moja moja kwenye swichi. Kebo ya tisa, ping inakata. Wanaifuata kebo mpaka chumba cha uhasibu. Chini ya meza kuna rauta ndogo iliyoletwa kutoka nyumbani kuongeza nguvu ya waifai, kebo ikiwa imechomekwa tundu la LAN, yaani la mtandao wa ndani.

Je, anaichomoa na kuondoka? Akifanya hivyo, Jumatatu itarudishwa, maana mhasibu alikuwa na shida ya kweli, waifai haimfikii. Fundi anaingia kwenye rauta ile, anazima DHCP, anaipa anwani 192.168.88.2, kwa sababu MikroTik kwa mpangilio wa kiwandani inagawa kuanzia .10 na kuendelea, anaacha kebo kwenye LAN. Sasa ile rauta ni kituo cha waifai tu. Kwenye MikroTik anawasha kipengele cha tahadhari ya DHCP ngeni. Anabandika lebo. Mhasibu ana waifai, shule ina intaneti, na laini ya mtoa huduma haikuguswa.

Ndugu zangu, hiyo siyo elimu ya juu. Ni mambo ya muhula wa pili wa diploma. Tofauti ni kwamba mmoja aliyakariri kwa mtihani na mwingine aliyafuata mpaka chini ya meza.

Kamera nazo msizidharau, maana hapa mjini zina kazi kuliko seva. Ila jifunzeni hesabu yake, kwa sababu mafundi wengi wanajua kufunga na hawajui kuhesabu. Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 8 zinakula karibu 346. Diski ya terabaiti 2 inajaa kabla ya siku ya sita, halafu inaanza kufuta za zamani. Mwenye duka aliambiwa "inatunza mwezi". Mzigo unaibwa, anagundua stoo ina pengo siku ya kumi, picha hakuna. Lawama ya nani? Ukishusha mpaka megabiti 2 kwa kubana video kwa H.265, kamera 8 kwa siku 30 zinahitaji terabaiti 5.2, kwa hiyo unanunua diski ya 6. Mwandikie mteja hesabu hiyo kwenye nukuu ya bei. Karatasi moja yenye hesabu inakutenganisha na fundi wa kubahatisha.

Na kuna Windows 10. Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi nyingi bado zina mashine hizo, na nyingi haziingii Windows 11 kwa njia rasmi, kwa sababu inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Mwenye ofisi hajui zipi zinaingia na zipi haziingii. Pendekeza kumfanyia orodha: modeli, prosesa, RAM, aina ya diski, toleo la Windows, hali ya leseni. Mashine 20 ni kazi ya siku moja. Orodha hiyo inazaa kazi nyingine, maana itaonyesha mashine 4 za kubadilisha, 9 za kuwekewa SSD, na moja ambayo ndani yake kuna faili la hesabu la QuickBooks la miaka yote bila bakapu. Kabla hujafomati chochote, tafuta faili hilo, na tafuta faili la PST, linalotunza barua pepe za Outlook. Vijana wengi kazi yao ya kwanza imeishia hapo, siku ya kwanza.

Na tafadhali, acheni kuwawekea watu Windows na Office za kuvunja leseni. Zile programu za kuamsha leseni bandia mara nyingi ndizo zinazoleta virusi, na antivirasi huwa imezimwa ili ziingie. Siku mafaili ya ofisi yakifungwa na wadai fidia, jina litakalotajwa ni la aliyeweka.

Tutajifunzia wapi bila ofisi? Nyumbani. Kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 16 na SSD inatosha. Ya 8 itakwenda kwa kuchechemea. VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe ndani ya kompyuta yako, ni bure. Windows Server ina toleo la majaribio la siku 180. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, ni bure ukijiandikisha Cisco Networking Academy. RouterOS, mfumo wa rauta za MikroTik, kwa mashine pepe, ile CHR, ina leseni ya bure inayobanwa megabiti 1 kwa kila kiunganishi, na kwa kujifunza inatosha kabisa. Weka seva, tengeneza Active Directory, yaani mfumo wa kusimamia watumiaji na mashine za ofisi, ongeza watumiaji watano, unganisha mashine ya pili. Itagoma. Karibu kila mtu mara ya kwanza inamgomea, na chanzo ni kwamba DNS ya mashine ya pili inaelekea kwenye rauta au 8.8.8.8 badala ya kuelekea kwenye seva. Au umetumia Windows Home, ambayo haiungi kabisa. Au saa zimepishana zaidi ya dakika 5. Kuigomesha makusudi kwa njia hizo tatu na kuitengeneza kutakufundisha kuliko video za wiki nzima.

Nunua koleo ya kukrimpa, yaani kubana ncha za kebo, na kipimia kebo, vya kawaida tu. Mpangilio wa nyaya wa T568B uwe kwenye vidole: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Urefu wa mwisho wa kebo ni mita 100. Na ukinunua kwa ajili ya kamera za PoE, zinazopata umeme kupitia kebo ya mtandao, hakikisha ni shaba tupu, maana ile ya alumini iliyopakwa shaba ni rahisi dukani lakini umeme unapotea njiani, na kamera ya mbali inajizima usiku taa zake za infraredi zikiwaka.

Vyeti vya kimataifa? Vina faida, ila angalieni mfuko. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, ni dola 300 na cheti kinaisha baada ya miaka 3. CompTIA A+, cheti cha ufundi wa kompyuta, ni mitihani miwili, siyo mmoja. Kwa maoni yangu, mtu asiye na kazi asikope hela ya CCNA. Soma mtaala wake bure, fanya maabara zake, mtihani utalipia mshahara wa kwanza. Anayeomba nafasi kwa mtoa huduma wa intaneti ndiye ningemwambia aharakishe.

Sasa ushahidi. Kila hitilafu uliyomaliza, iwe ya fildi, ya kanisani, ya msikitini au ya kwa mjomba, iandike ukurasa mmoja: dalili, ulichopima, chanzo, ulichofanya, namna ya kuzuia isirudi. Ukiwa na kurasa sita za namna hiyo, una kitu cha kuweka mezani mwenye usaili akiuliza uzoefu. Ondoa nywila, anwani za intaneti za nje na majina ya watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria, nani atakuajiri akiona umeanika siri za aliyetangulia?

CV iwe kurasa mbili. "Nina ujuzi mzuri wa matengenezo ya kompyuta" ni sentensi iliyo kwenye CV zote za ukumbi huu. "Nilivuta na kupima kebo 24 za maabara ya shule, nikaziwekea lebo na kuchora mchoro" ni yako peke yako. Faili liwe PDF lenye jina lako na nafasi unayoomba, siyo "cv mpya final 2". Wadhamini uwe umewapigia simu kwanza. Inasikitisha mwajiri anapompigia mdhamini na mdhamini anauliza, "Nani huyo?"

Kwa Ajira Portal, tovuti ya kuomba kazi za serikali, nitapita haraka. Wanaoenguliwa, wengi wanaenguliwa kwa karatasi. Jaza namba ya NIDA. Pandisha vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria. Hati za matokeo ya muda za kidato cha nne na sita hazikubaliwi. Kama jina la cheti cha kuzaliwa na la cheti cha chuo yanapishana, tengeneza hati ya kisheria ya jina leo, usisubiri kuitwa Dodoma. Barua iwe na saini, wengi wanasahau. Na tangazo lolote linalodai hela ya fomu, ya kupimwa afya kabla ya usaili, au ya "kuharakisha", liwe la serikali au la kampuni, liacheni. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, nao huratibu mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, jisajilini.

Kujitolea. Hapa najua kuna maumivu ukumbini. Kijana anaingia ofisini kwa kujitolea, wiki ya kwanza anatengeneza printa, mwezi wa tatu anatumwa chai na vitumbua, mwaka unaisha na barua hana. Mkubali kujitolea, lakini kwa maandishi: tarehe ya kuanza na ya kumaliza, miezi 3, kazi zilizotajwa, msimamizi mwenye jina, nauli ya kila siku, na barua ya utambulisho mwishoni. Mwenye ofisi akikataa hata nauli, amekuonyesha thamani anayokupa. Dada zangu, kwenu naongeza hili: mkipelekwa mapokezi "kwa muda" huku wenzenu wa kiume wanapanda ngazi kufunga kebo, semeni mapema. Uzoefu wa ngazi ndio unaoandikwa kwenye CV.

Na siku ukiondoka popote, kabidhi nywila zote kwa maandishi, na uombe zibadilishwe ukiwepo.

La mwisho ni mshahara, kwa sababu vijana wanakubali namba bila kuijua. Tuseme umeahidiwa mshahara wa msingi wa shilingi 500,000 na ulisoma kwa mkopo. NSSF asilimia 10, 50,000 imekwenda. Inabaki 450,000 ya kukatwa kodi. Ya kwanza 270,000 haina kodi, 180,000 inayobaki inakatwa asilimia 8, yaani 14,400. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 75,000. Unachopokea ni 360,600. Unakaa Kwa Mrombo na kazi iko Usa River? Toa nauli za kwenda na kurudi kwa siku zote za kazi, halafu ndiyo useme ndiyo. Uliza pia kama simu za usiku na safari za porini zina posho, na masharti yote yawe kwenye mkataba wa maandishi. Mwajiri anayesema "mkataba tutaangalia baadaye" lakini anataka uanze kesho, mwambie utaanza siku mkataba ukiwa tayari.

Waliokuja na CV zao wazipeleke kwa walimu walio meza ya mlangoni, zitasomwa wakati wa chai. Kebo na koleo ziko nyuma, kila mmoja akrimpe ncha mbili kabla ya kuondoka. Sasa maswali, tuanze na dada aliye safu ya nyuma.